Jina la Mtoto Huambiwa Nani

Mambo matatu makubwa humfika mwanadamu pasipo yeye kushauriwa: kuzaliwa, kupewa jina, na kufa. La kwanza na la tatu yamo katika hukumu ya Mola, wala hapana mja awezaye kuyatanguliza au kuyachelewesha kwa saa moja. Lakini hili la kati limeachiwa watu, nao ni watu ambao siku hiyo ya saba wana usingizi wa siku sita machoni, wamezungukwa na mashangazi wenye rai zisizopatana, na mbuzi wa akika amekwisha fungwa uani akingoja kisu. Kwa kuwa jambo lililoachiwa watu ndilo ambalo watu wataulizwa juu yake, nimeona yafaa kulitazama kwa utulivu, hasa katika zama hizi ambapo wazazi vijana wamepata uhuru wa kuchagua ambao wazazi wa zamani hawakuwa nao, au, kwa insafu zaidi, walikuwa nao wakautumia kwa njia nyingine.

Baadhi ya vijana wetu, wa Ngamiani na Chumbageni hapa Tanga na wale ambao riziki imewapeleka Maskati, Dubai au London, wameanza kupendelea majina ambayo watu wa Ulaya na Marekani huyaita ya kibohemia: Luna, Willow, River, Sage, Wren, Indigo, na mengine ya jinsi hiyo, yaliyochumwa katika mwezi, miti, mito, majani ya kutia harufu, ndege na rangi, na kupendwa kwa sababu hayafuati kitabu cha nasaba wala orodha ya watakatifu. Hao Wabohemia wenyewe hawakujiita hivyo. Wafaransa waliwaona Waroma, watu wa kuhamahama, wakadhani wametoka katika nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, wakawabandika jina la nchi ambayo haikuwa asili yao. Kisha katika karne ya 19 wachoraji na watunzi mafukara wa Paris, walioishi bila ya kujali desturi za matajiri, wakaitwa kwa jina lilo hilo, na kitabu cha Henri Murger cha mwaka 1851, pamoja na opera ya Puccini ya mwaka 1896 iliyotokana nacho, vikalieneza duniani kote. Jina ambalo sasa ni alama ya uhuru lilianza kuwa kosa la jirani asiyeuliza.

Wazee wengi wa mwambao wetu, tangu Moa hadi Pangani, hukunja uso wasikiapo majina hayo, na shutuma zao ni tatu: kwamba hayana maana, kwamba hayana dini, na kwamba hayana ukoo. Shutuma ya kwanza haisimami hata kidogo. Luna ni mwezi kwa Kilatini, nasi tunao akina Kamaria na Badria tele, waliopata majina yao katika mwezi ule ule kwa njia ya Kiarabu; na bibi aitwaye Zuhura, jina la nyota ing'aayo magharibi baada ya jua kuchwa, hana haki ya kumcheka mjukuu aliyeitwa kwa jina la mwezi. Ama maua, matunda na ndege, akina Asumini, Rehani, Waridi, Zabibu na Tausi wamejaa katika nyumba zetu, na sijasikia mwalimu wa chuo aliyekataa kuwafundisha alifu kwa sababu ya majina yao. Anayesema kwamba jina la Wren halina maana amesema tu kwamba yeye haijui, na kutojua kwa msikilizaji si upungufu wa jina.

Shutuma ya pili ni nzito kidogo, maana imebeba jina la dini, na jambo likibebeshwa jina la dini watu huogopa kulipima. Na lipimwe. Sharia haikuweka orodha ya majina ambayo ni lazima kwa mzazi kuchagua ndani yake. Imekataza mtu kuitwa mja wa asiyekuwa Mungu, imekataza kumpa kiumbe sifa zilizo za Muumba peke yake, na imechukia jina la fedheha au la majisifu, na zaidi ya hayo imeacha uwanja mpana. Ni kweli kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kuwa majina yapendezayo zaidi mbele ya Mungu ni Abdullahi na Abdurrahmani. Lakini kilicho bora hakikifanyi kilichobaki kuwa haramu. Mmoja katika Masahaba 10 waliobashiriwa pepo aliitwa Talha, na talha ni mti wa jangwani wenye miiba. Sahaba mwingine, asiyekuwa katika hao 10, Usama, alichukua jina la simba. Na yule aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote akajulikana kwa paka wake mdogo, Abu Huraira, hata jina alilopewa na wazazi wake likawa jambo la wanazuoni kubishania. Mti, simba na paka walipita mbele ya Mtume wala hakuwageuza. Aliyoyageuza ni yale yaliyomtia mtu doa, kama alivyomgeuza binti Umar aliyeitwa Asia, yaani mwasi, akamwita Jamila; wala huyo si Asia mke wa Firauni, ambaye herufi zake kwa Kiarabu ni nyingine, japokuwa masikio yetu ya pwani huwachanganya.

Ama wale wasemao kwamba jina jipya, lisilowahi kusikika katika mji, ni uzushi, wasome tena sura ya Maryamu, waone jinsi Zakaria alivyobashiriwa mwana ambaye jina lake, Yahya, Mungu mwenyewe alilichagua, na kutajwa kwamba kabla yake hakuna aliyepewa jina hilo kuhesabiwa kuwa ni sehemu ya utukufu wake. Upya, basi, haukukosa heshima mbinguni. Ni mitaani tu ulikokosa.

Ndugu zetu Wakristo nao wamekuwa na kisa chao, na wao ni wengi katika mkoa wetu, tangu misheni ya Waanglikana ilipojenga Magila katika Ubondei katika karne ya 19, na tangu Walutheri wa Ujerumani waliposhuka Tanga katika mwaka 1890 wakapanda milima ya Usambara. Kwa muda mrefu ubatizo na jina la Kizungu vilikwenda pamoja, hata watu wakadhani Alfred ni jina la Injili na Shemboza ni jina la giza, ilhali Alfred lilikuwa jina la makabila ya Ulaya yaliyoabudu miti kabla ya kufikiwa na mhubiri ye yote. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipobatizwa mwezi wa Desemba mwaka 1943, alipewa jina la Julius, ambalo kabla ya kuwa la papa mtakatifu lilikuwa la ukoo wa Kirumi uliodai kuzaliwa na mungu mke wa mapenzi. Nasema haya bila ya kumlaumu mtu. Nataka tu kuonyesha kwamba majina hubatizwa pamoja na wenyewe, na kwamba Luna akisali sala 5 kwa muda wa miaka 60 litakuwa jina la Kiislamu lisilohitaji ushahidi.

Imebaki shutuma ya tatu, ya ukoo, nayo ndiyo iliyonishughulisha. Ili kuijibu hatuna budi kutazama namna wazazi wetu wa mwambao walivyotaja watoto, na mwenye kutazama kwa makini atastaajabu kuona kwamba wao walikuwa huru kuliko Wabohemia wote wa Paris. Nayapita upesi majina ya kalenda, akina Juma na Khamisi na Rajabu na Mwanahamisi na Mwanaidi na Saumu, maana hayo yajulikana. Nayapita pia ya mpango wa kuzaliwa, Mosi na Pili na Tatu, na ya saa, kama Chausiku. Hata ya matukio, Mwamvua aliyeletwa na mvua, Mwavita aliyezaliwa watu wakipigana, Mwanjaa aliyezaliwa ghala likiwa tupu, sitayakalia muda mrefu, ijapokuwa mwenye subira angeweza kuandika tarikhi nzima ya mkoa kwa kuyapanga kwa miaka. Yanayonivuta ni yale ambayo si nomino hata kidogo, bali ni maneno yaliyokatwa katika mazungumzo: Semeni, Sikujua, Sihaba, Sikitu, Sikudhani, na pamoja nayo yale ya huzuni, Tabu, Shida, Mashaka, na yale ya udhalili wa makusudi, Mtumwa na Kijakazi.

Mwanamke aliyemwita bintiye Semeni hakuwa akisema na mtoto. Alikuwa akisema na jirani zake, wale waliokwisha kuhesabu miezi vidoleni, au waliosema kwamba mume wake hatarudi kutoka bara. Aliwaambia waendelee kusema, na kwa kuwa walilazimika kumwita mtoto kila siku kwa jina lake, aliwafanya wajikemee wenyewe kwa vinywa vyao kila asubuhi. Aliyemwita mwanawe Tabu alikuwa akimwambia mume, au mkwe, au Mwenyezi Mungu, na pengine wote watatu, jambo ambalo adabu ya nyumba haikumruhusu kulisema waziwazi. Riziki, Majaliwa, Hidaya na Tunu yaliambiwa Mungu kwa kushukuru. Mtoto alikuwa amebeba jina kama mjumbe abebavyo barua iliyofungwa, asiyeandikiwa yeye bali mwingine, na heshima yake ilikuwa katika kuaminiwa kuibeba.

Sikitu ni jina zito kupita yote haya. Lilipewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa, nalo liliambiwa mauti: pita, hapa hapana kitu cha kuchukua. Kwa maana hiyo hiyo mtoto aliitwa Mtumwa au Kijakazi, ili jicho la husuda lisione kitu cha thamani ndani ya nyumba. Walimu wetu wamelikemea jambo hili, na kwa upande wa itikadi wana haki, kwani ajali imeandikwa, na Malaika wa mauti hasomi majina akakosea mlango kwa sababu ya maandishi mabaya. Lakini mimi, nikiwa na taadhima zote kwa elimu yao, naona kwamba walilisoma jina hilo kwa upande mmoja. Mama aliyezika watatu akamwita wa nne Sikitu alisema neno ambalo wafuasi wa tarika, Kadiria na Shadhilia, hukesha usiku wakitafuta kulisema kwa dhati: kwamba mja mbele ya Mola wake si kitu. Ikiwa alilisema kwa hofu ya mauti, wao hulisema kwa mapenzi ya Mungu. Tafauti hiyo ni kubwa, sikatai, lakini neno ni lile lile, na yeye alikuwa amelipa kwa ajili yake gharama ambayo wengi wao hawakulipa.

Wala majina ya namna hii hayakuwazuia wenyewe kufika mbali. Mtu wa mrima aliyeandika habari za mila zetu kwa upana kuliko wote wa wakati wake, ambaye maandiko yake yalikusanywa na Mjerumani Carl Velten na kupigwa chapa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, na ambaye mwenyewe alifundisha Kiswahili mjini Berlin na kufia huko mwaka 1927, aliitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Na sote twajua mtoro ni mtu gani. Bara pia hali ilikuwa hivyo hivyo. Baba yake Mwalimu aliitwa Nyerere kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi ya Wazanaki. Na Mwalimu mwenyewe, alipozaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi, yaani mwenda kwa miguu, hata mganga aliposhauri abadilishiwe, akapewa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Mwenda kwa miguu, viwavi, na mvua: kama orodha hii ingeandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa New York, ingeuzwa kwa wazazi wapendao uhuru kama kitu kipya.

Hapa nalazimika kusema jambo chungu, maana bila ya hilo sifa za majina mazuri zitakuwa nusu ya habari. Katika mashamba ya miwa ya Pangani, na katika majumba ya mwambao wote na Unguja, walikuwako watu walioitwa Feruzi, Almasi, Marijani, Zafarani, Mabruki. Ukiyasikia leo utadhani ni watoto wa wafalme. Hali aghalabu walikuwa watumwa, waliotekwa bara wakiwa na majina ya kwao, wakauzwa, na bwana mpya akawapa majina ya vito na manukato kama atiavyo nakshi mlangoni. Uzuri wa jina ulikuwa ni uzuri wa mali. Mashuhuri kati ya watu wa hali hiyo ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akarudi mtu huru, na mwanzoni mwa mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke wakamkuta akitumika katika ngome ya Mabulushi huko Chogwe, nyuma ya Pangani, wakamchukua, akawa kiongozi wa misafara iliyovuka bara hili zaidi ya mara moja. Jina lake moja ni mbarikiwa kwa Kiarabu, jingine ni mji wa ng'ambo. Lile aliloitwa na mama yake halikutufikia.

Ndipo nikaona kwamba jina zuri la kupambia na jina baya la kulilia hayawezi kupimwa kwa mizani ya uzuri. Sikitu alipendwa, na Feruzi alimilikiwa. Kinachopimwa ni nani anasema, na anasema na nani. Na hii ndiyo hoja yangu juu ya majina haya ya kibohemia, ambayo ni tafauti na ya wazee wenzangu: sina ugomvi na mwezi wala mto wala rangi, bali nina swali kwa mzazi. Ulipomwita Indigo, ulikuwa ukimwambia nani? Kama jibu ni kwamba ulikuwa ukimshukuru Mungu kwa rangi ya bahari ya Raskazone alfajiri aliyozaliwa, jina lako ni ndugu wa Mwamvua na Hidaya, nami nitakuwa wa kwanza kuitikia amina. Lakini kama ulilichagua kwa sababu lasikika vizuri na halipo kwa jirani, umesema na watazamaji, na mtoto umemfanya kuwa pambo la nyumba yako, na bwana wa Feruzi hakufanya zaidi ya hapo katika jambo hili la jina. Ukali wa maneno haya naujua, na siuondoi.

Itaulizwa: je, jina lina nguvu ya kumfanya mtu? Katika hadithi sahihi imo habari ya Hazni, babu yake Said bin Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina. Hazni maana yake ni ardhi ngumu yenye mawe. Mtume akataka kumwita Sahli, yaani ardhi laini iliyo sawa, naye akakataa, akasema hatabadili jina alilopewa na baba yake. Na mjukuu akasimulia kwamba ugumu haukuwatoka katika ukoo wao tangu siku hiyo. Wengi huichukua habari hii kuwa ushahidi kwamba herufi za jina huumba tabia. Mimi naisoma vingine. Mtu aliyepewa jina jema na mbora wa viumbe, akalikataa kwa sababu ya ghera ya baba, alikuwa mgumu kabla ya kufungua kinywa. Jina halikumfanya, lilimfichua, na ugumu aliowarithisha wajukuu ulikuwa ule wa kukataa. Angalikuwa na wepesi wa kulipokea jina jipya, wepesi wenyewe ungekuwa ndio Sahli.

Nina shahidi mwingine karibu zaidi, katika watu wa mkoa wetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga, huandikwa kuwa alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, na mwenye kupenda hesabu akiipeleka tarehe hiyo katika Hijria ataikuta imeangukia Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, wala si Shaabani. Hata kalenda, basi, haikumlazimisha. Na jina lake la pili, la baba yake, ni la Kizungu kwa Mwislamu ambaye hapana aliyetilia shaka Uislamu wake. Mtu huyu ambaye jina lake halikuwa kioo cha siku wala cha dini, katika hadithi zake aliwapa watu majina yaliyokuwa vioo vitupu. Katika kitabu chake cha Adili na Nduguze, mwema aitwa Adili, na ndugu zake wawili waitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji hujua tangu mwanzo nani atamtendea nani ubaya. Lakini nimeona wasomaji wengi hupita bila ya kutua mwishoni, ambapo hao ndugu wawili, waliokuwa wamegeuzwa manyani kwa khiana yao, wanarudishiwa umbo la watu na kusamehewa. Mwandishi aliyeamini kwamba jina ni hatima angewaacha katika minyororo. Yeye aliwatoa nje, Hasidi akiwa bado Hasidi kwa jina, na moyo wake umegeuka.

Na ni yeye huyo aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 na kuitwa Mtumwa. Sauti yake ilimpandisha hata watu wa mjini wakamwita Siti, bibi mwenye heshima, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kutia nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Hakuna aliyekaa akamchagulia jina la Siti siku ya saba. Alilipwa nalo, kama ujira. Lakini wanaolishangilia jina la pili na kulifuta la kwanza kama aibu wamesahau kwamba wazazi waliomwita Mtumwa walimlea akafika ukubwa ulioimba. Nashawishika kuamini kwamba jina la wazazi ni dua, na dua huombwa, hailazimishi. Mola huijibu apendavyo, pengine kwa neno lile lile, pengine kwa jingine. Aliye na dua ya baba yake hana deni la kuitimiza, bali ana amana ya kuijua.

Hiyo ndiyo maana ya ukoo ambayo shutuma ya tatu ilikuwa ikiitafuta bila ya kuipata. Jina halihitaji kutoka kwa babu. Lahitaji kuwa na mtu wa kuliita. Tazama jinsi mji wetu, ambao wengi wake ni wa madhehebu ya Shafii, umeliweka jina katika ncha mbili za maisha. Mtoto akizaliwa huadhiniwa katika sikio la kulia na kukimiwa katika la kushoto, na siku ya saba hunyolewa nywele na kutajwa. Na akifa, mwenye kusoma talkini hukaa kando ya kaburi akamwita kwa jina lake na jina la mama yake, si la baba, na mama asipojulikana husemwa mwana wa Hawa. Najua kwamba wako vijana waliosoma Madina ambao huikataa talkini, na hadithi yake ina udhaifu ambao wanazuoni wameueleza. Sitaingia katika mzozo huo. Lakini hata wao hawakatai kwamba Siku ya Kiama watu wataitwa kwa majina yao na ya baba zao, na kwamba kwa sababu hiyo tumeamriwa kuyafanya mema. Nani, katika Willow na Talha, ataogopa kuitwa siku hiyo kwa sababu ya mti?

Ukienda Tongoni, upande wa kusini wa mji, utakuta nyuma ya msikiti ulioanguka makaburi zaidi ya 40 ya watu waliokuwa na mali ya kutosha kujengewa nguzo na kutiwa vyombo vya kigeni katika kuta za makaburi yao, katika mji uliokuwa hai kabla Vasco da Gama hajapita pwani hii. Majina yao hatunayo. Hapana shaka walikuwako miongoni mwao wenye majina ya Makureishi na wenye majina ya maua, na wengine labda ya kuwafukuza wenye husuda; mvua haikubagua. Wale wachaguao jina ili mtoto adumu, wakidhani jina la pekee haliwezi kupotea, na wale wachaguao la babu wakidhani la kale haliwezi kusahauliwa, wote wangefaa kwenda pale siku moja, na wachukue chakula, maana hapana duka karibu.

Kuna jambo jingine linalonichekesha kidogo katika habari hii. Wakati vijana wetu wakiazima Luna na River, watu wa Marekani wenye asili ya Afrika, tangu Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuziita nguzo zake 7 kwa Kiswahili, wamekuwa wakiwaita mabinti zao Imani na Nia. Na siku hizi hata wazazi wasiokuwa na asili hiyo, wapendao mambo ya kibohemia, huliweka Amani katika orodha zao, na Zuri pia, ambalo kwa sikio la mtu wa Tanga ni sifa inayongoja kitu cha kusifiwa. Sisemi wamekosea. Waliochukua Imani katika mwaka huo wa 1966 walikuwa wakisema na watu maalumu, na neno zito: waliwaambia wale waliowafutia babu zao majina, kwa desturi ile ile iliyomfutia Bombay lake, kwamba sasa sisi ndio tutakaotaja. Kwa kipimo changu, binti huyo wa ng'ambo aitwaye Imani kwa lafudhi isiyo yetu ni mtu wa mila za mwambao kuliko Indigo wa Chumbageni aliyetajwa kwa ajili ya picha.

Ama kwa nyumba ambazo jina la cheti limekwisha andikwa na wazee wamekwisha nuna, desturi yetu ilikuwa na njia ambayo haijafa. Mtoto wa mwambao aghalabu huwa na jina la chuoni na jina la nyumbani, na hili la pili hutoka kwa bibi, bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Luna wa Makorora, ambaye bibi yake hukataa kulitamka jina la Kilatini na humwita Kamaria tangu uani hadi barazani, hajanyang'anywa kitu: baba amesema na mwezi kwa lugha moja, bibi amesema nao kwa nyingine, na mtoto huitika kote kuwili. Baba akikasirika, akumbuke kwamba bibi huyo huyo alimwita yeye kwa jina ambalo halimo katika cheti chake, na kwamba akisikia jina hilo likiitwa nyuma yake sokoni, hata leo, yeye hugeuka.